Phoenix ya chuma inaliwa na kutu: naipigaje rangi niende nayo kazini?

Mpanda28: Wakuu, nina Phoenix saizi 28, breki za fito. Rangi inabanduka kwenye maungio ya chini na kutu imetokeza. Nataka kupuliza rangi ya kopo mwenyewe, kisha niende nayo kazini kila siku, Mbagala hadi Posta. Nahitaji kopo ngapi na naanzia wapi?

Gololi: Mkuu, fungua kila kitu, fremu ibaki tupu. Angalizo: pedali ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Ukienda kinyume chake unazidi kuikaza, na ukilazimisha unaua nyuzi za krenki (mkono wa chuma unaoshika pedali). Nyuzi zote za fremu ziba kwa tepu ya karatasi, maana rangi ikiingia humo bakuli za gololi hazirudi. Namba ya fremu usiisage, ndiyo ushahidi wako ikiibiwa.

Msasa80: Kazi yote iko kwenye maandalizi. Msasa namba 80 kwenye kutu tu, mpaka chuma king'ae. Halafu 240 fremu nzima kuondoa mng'ao wa rangi ya zamani. Futa kwa thina na kitambaa safi, kisha usiiguse tena kwa mkono mtupu: pakiwa na mafuta rangi inajitenga na kuacha vitobo. Praima, yaani rangi ya chini ya kushikia, ipige siku hiyohiyo. Kwa hewa ya chumvi ya Dar, chuma kilicho wazi hakikawii kurudisha kutu.

Kopo za mililita 400: praima 1, rangi 2, kliya (rangi angavu ya kumalizia juu) 1. Puliza ukiwa sentimita 25 hivi, matabaka mepesi matatu, na kati ya tabaka na tabaka subiri muda ulioandikwa kwenye kopo. Ikitiririka usifute! Iache ikauke kabisa, sugua kwa 600 na maji, rudia. Siku ya mvua acha, unyevu unaifanya rangi ifubae kama ina ukungu.

Mpanda28: Shukrani. Rimu nazo nipulize zifanane na fremu?

Gololi: Hapana. Breki za fito zinabana rimu kwa upande wa ndani, ule unaotazama spoki. Ukipaka pale rangi inaganda kwenye mpira wa breki na baiskeli haisimami. Na hata zikiwa safi, rimu za chuma zikilowa breki zinashika kwa kuchelewa sana, kwa hiyo siku za mvua anza kubana mapema.

KeriaNyuma: Fremu ipe wiki nzima kabla ya kufunga vifaa, la sivyo klampu zinang'oa rangi mbichi. Barabara ya Kilwa usiingie njia ya mwendokasi hata ikiwa tupu. Pita mita moja kutoka magari yaliyoegeshwa, mlango ukifunguliwa usikukute. Begi lifunge kwenye keria, mgongo usilowe jasho kabla ya ofisi, na mguu wa kulia wa suruali ubane kwa kamba, mnyororo uko upande huo. Unatoka kazini giza limeingia? Taa nyekundu ya nyuma inunue kabla ya kliya.