Telepromta ya simu, ya laptopu au ya kioo: ipi inamfaa mwalimu anayejirekodi mwenyewe?

MwalimuChaki
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Sayansi na Teknolojia darasa la saba. Tangu likizo ianze narekodi vipindi vya marudio, dakika sita hadi nane, natupia kwenye grupu la wazazi WhatsApp. Nikiongea bila maandishi, "kwa hiyo" inaingia kila sentensi. Nikisoma kwenye telepromta, yaani programu ya simu inayopitisha maandishi kwenye skrini uyasome ukirekodi, macho yanakwenda huku na huku kama natazama tenisi ya meza. Juzi mzazi mmoja kaandika: "Mwalimu, kwani unasoma nini hapo chini?" Nikaumbuka mbele ya grupu zima.

Nina Android ya kawaida, laptopu ya zamani na stendi. Nimeona njia tatu: programu inayoelea juu ya kamera ya simu kama Elegant Teleprompter, QPrompt ya kwenye laptopu ambayo ni ya bure, au kile kifaa cha kioo kinachokaa mbele ya lenzi na kukuonyesha maandishi hapohapo. Mliopita huko, hela niielekeze wapi?

JiraniWaKitengela
Mwalimu, usinunue kitu bado. Chukua rula. Maandishi yakiwa sentimita 7 chini ya lenzi na wewe umekaa nusu mita kutoka kwa simu, macho yanashuka kwa pembe ya digrii 8 hivi, na hapo kila mtu anaona. Rudi nyuma hadi mita 2, umbali kati ya lenzi na maandishi ukiwa uleule, pembe inabaki digrii 2. Hakuna atakayekuuliza unasoma nini.

Shida ni kwamba kwa mita 2 huwezi kusoma herufi za simu. Mimi naweka laptopu juu ya meza ya kupigia pasi, QPrompt imejaa skrini, na simu nyuma yake kwenye stendi, lenzi ikichungulia juu kidogo tu ya ukingo wa skrini. Natumia kamera ya nyuma, ambayo ni bora kuliko ya selfi. Maandishi nayabana katikati, maneno manne au matano kwa mstari, mstari ninaosoma ukiwa juu kabisa karibu na lenzi. Ukiacha mstari ujae skrini nzima, macho yatatembea tu hata ukikaa uwanjani.

Gharama yake ni sauti. Kwa mita 2 maiki ya simu inachukua mwangwi wa chumba chote na jogoo wa jirani. Hiyo hela peleka kwenye maiki ya kubana kwenye shati.

BintiMkunazini
Assalaam aleikum. Mie ni mtu wa kioo. Cha kwanza nilijitengenezea: nilikatiwa kipande cha kioo cha dirisha, nikakilaza nyuzi 45 ndani ya boksi la viatu, simu chini, kamera nyuma. Kilifanya kazi, lakini kila neno lilitoka mara mbili, moja kama kivuli cha jenzake, kwa sababu kioo cha kawaida kinarudisha mwanga pande zote mbili. Tena kinarudisha kidogo mno, ikabidi skrini iwe na mwanga wa mwisho na simu inapata moto.

Vioo vya kazi hiyo vimepakwa upande mmoja. Aghlabu utaona vimeandikwa 70/30: sehemu 70 ya mwanga inapita kwenda kwenye kamera, 30 inarudi kwako na maandishi. Maana yake taa zako nazo ziwe na nguvu. Nyuma ya kioo, kuzunguka kamera, funika kwa kitambaa cheusi, usiache hata upenyo. Na programu lazima iweze kugeuza maandishi kama yanavyoonekana kiooni, QPrompt inageuza.

Raha yake ni kuwa unatazama ndani ya lenzi yenyewe. Lakini kufunga na kufungua ni robo saa. Ikiwa unarekodi sebuleni na watoto wanataka meza yao, utakichoka.

Fundi_Mitambo
Nimekaa miaka kadhaa nyuma ya promta studio, niseme moja. Mnalinganisha vioo na skrini, ila kinachomfanya mtu aonekane anasoma ni kasi. Studio, msomaji hakimbizani na mashine. Kuna mtu anazungusha kitasa cha kusogeza maandishi akimsikiliza. Akivuta pumzi, maandishi yanasubiri. Ndivyo ilivyokuwa tangu miaka ya 1950 huko Marekani, maandishi yalipokuwa kwenye karatasi ya kuviringisha.

Mwalimu, mtafute mtoto hapo nyumbani, mpe mausi, asogeze. Ukiwa peke yako, rimoti ya Bluetooth inatosha. Kasi ya kudumu ndiyo inayokufanya umeze maneno.

La pili, tarakimu. Andika "2019" uone: nusu ya Watanzania mdomo utatoka na "twenty nineteen" katikati ya Kiswahili safi. Andika kwa maneno, elfu mbili na kumi na tisa. Hata "37" ya joto la mwili, andika thelathini na saba.

KaratasiTu
Nyie mnamtwisha mwalimu mzigo. Darasani anasoma promta? Andika hoja tano kwa kalamu nene, bandika chini ya lenzi, rekodi hoja moja moja, unganisha kwenye CapCut, programu ya kuhariri video. Nilijaribu programu inayofuata sauti yako. Kwa Kiingereza ilikwenda; nilipoanza Kiswahili ikasimama kwenye mstari wa pili, ikanikodolea macho.

JiraniWaKitengela
@KaratasiTu kwa maelezo sawa. Kwa fasili ya mtihani, neno moja likibadilika mtoto anakosa alama. Hapo lazima asome.

MwalimuChaki
Asanteni sana. Jana usiku nimejaribu ya Jirani: laptopu juu ya makreti mawili ya soda, simu nyuma yake, mita 2. Fasili nimesoma, mifano nimeongea kwa hoja kama alivyosema KaratasiTu. Binti yangu wa darasa la tano ndiye aliyeshika mausi, na nikikosea anacheka, kwa hiyo nimerekodi mara nne. Maiki bado, mwangwi upo. Kioo nitakifikiria nikipata chumba chenye mlango unaofungwa.

Nimemwonyesha mama watoto bila kumwambia kitu. Ameangalia yote dakika saba, macho hajayataja. Kasema kola ya shati imekunjamana.