Bega lililosagika na upasuaji wa matundu: mama atarajie nini?

Mwana wa Masasi
Habari za jioni wadau. Mama ana miaka 61, mbanguaji wa korosho, bega la kulia limesagika. Daktari wa mifupa anataka apelekwe Dar kwa upasuaji wa matundu. Atafanyiwa nini hasa, na kazini atarudi lini?

Mikindani
Shikamoo zifike kwa mama. Atapewa nusu kaputi, mara nyingi pamoja na ganzi ya shingoni. Mkono unaweza kubaki mfu mpaka kesho yake, msishtuke. Matundu ni mawili hadi manne, kila moja halizidi sentimita 1. Moja la kamera, mengine ya vifaa. Maji ya chumvi husukumwa ndani kutanua nafasi, ndiyo maana bega huvimba siku moja mbili. Daktari huparua gegedu (utando mlaini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) iliyochanika na kutoa vipande vinavyoelea. Dawa ya maumivu amezwe kabla ganzi haijaisha, maana ikiisha maumivu huja kwa kishindo. Usiku alale ameegemea mito.

Mto Lukuledi
Ndugu, gegedu iliyolika hairudi kwa upasuaji huu. Itazameni eksirei kwanza. Kama mfupa unasagana na mfupa, kusafisha hakutamsaidia sana, na nauli ya kilomita zaidi ya 500 itakwenda bure. Hapo huzungumzwa kubadilisha kiungo. Bega linalokwama kwa vipande ndilo hunufaika zaidi, na hata hapo nafuu huenda ikawa ya muda. Sukari nayo ipimwe mapema: ikiwa juu kidonda huchelewa na bega hukaza.

Mikindani
Kukaza ndiko kunakoharibu kazi. Watu huufunga mkono wiki nyingi wakidhani wanaulinda. Daktari akiruhusu, siku chache tu baadaye ainame, mkono uning'inie, auzungushe taratibu kama ndoo kwenye kamba ya kisima, mara tatu nne kwa siku. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Ni vizuri mbaki Dar mpaka kidonda kikaguliwe, basi linarusha. Kubangua asubiri kama wiki 6, gunia zaidi ya hapo. Homa, usaha au pumzi kubana: hospitali siku hiyohiyo.

Mwana wa Masasi
Asanteni sana. Eksirei inasema nafasi kati ya mifupa imepungua, haijaisha. Ila mwezi uliopita alichomwa sindano ndani ya bega.

Mto Lukuledi
Kama ilikuwa ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), mwambieni daktari kabla tarehe haijapangwa. Huongeza hatari ya maambukizi, na wengi husubiri hadi miezi 3.