Njia za baiskeli zisizo na magari kuzunguka Tabora mjini: tupite wapi, kwa tairi gani?

Magurudumu_TBR

Wakuu, habari za jioni. Tuko wanne hapa Tabora mjini, tunataka kuendesha baiskeli Jumamosi asubuhi, kilomita 20 hadi 30, mbali na malori na bodaboda. Wawili wana Phoenix za kawaida, tairi 28 kwa 1½. Wawili wana baiskeli za gia, tairi 26 kwa 2.10. Mmoja ndiyo kwanza anajifunza, kwa hiyo lami hatumpeleki. Wenzetu Nairobi wana Karura: unaingia getini, unazunguka msituni hukutani na gari. Kwetu hakuna bustani kama hiyo, ila mabonde ya mbuga, yale ya mfinyanzi mweusi, yapo kila upande, na misitu ipo.

Naomba kujua tupite wapi tusizame kwenye mchanga, na mvua zikianza Novemba kama kuna njia zinazopitika au tutundike baiskeli hadi Mei. Halafu mbigili. Hizo ndizo zinatumaliza.

Ukingo_wa_Mbuga

Mkuu, kabla ya ramani tazama udongo. Ukiuelewa huo, njia utazipata mwenyewe bila kuelekezwa.

Ardhi ya Tabora imekaa kama mawimbi mapana. Juu mgongoni ni mchanga, luseni, na huko ndiko kuliko nyumba, miembe, mihogo na karanga. Chini kabisa ni mbuga yenyewe, mfinyanzi mweusi, mahali pa majaruba ya mpunga. Kati ya hizo mbili, pale mteremko unapoishia kabla mbuga haijaanza, kuna ukanda wa udongo wa kijivu mgumu ambao Wasukuma wanauita itogolo. Chembe zake ni laini, zikikauka zinagandamana na maji hayapenyi, ndiyo maana mimea yake ni nyasi fupi na miti ya kuhesabu. Kiangazi unakanyaga kama sakafu. Ng'ombe wanaokwenda kunywa maji wanapita ukanda huohuo, na njia waliyoichonga wao kwa kwato ndiyo mnayoitafuta nyinyi.

Barabara kubwa mara nyingi zinafuata mgongo kwa sababu mjenzi anaikwepa mbuga. Ukiiacha barabara na kushuka hadi ukingo wa mbuga, malori umeachana nayo, na unaweza kufuata bonde kwa kilomita kadhaa huku mji uko palepale kushoto au kulia kwako. Kupotea ni vigumu: mbuga iko upande mmoja, miembe ya watu upande wa pili.

Kuipata kwenye picha za setilaiti, fungua Google Earth na uchague picha za kiangazi, Agosti hadi Oktoba. Mbuga inaonekana kama ulimi mrefu usio na miti, wenye vyumba vyumba vya majaruba. Luseni ni nyeupe yenye madoa ya kijani, hayo ni miembe. Sasa tafuta uzi mwembamba, mweupe, unaopinda-pinda sambamba na ule ulimi. Ukiwa mmoja na haukatiki, huo wa watu na baiskeli. Ukiona nyuzi tano sita zinasukana kama mkeka, hiyo ni ya ng'ombe na bado inapitika. Mistari miwili iliyokwenda pamoja ni gari, achana nayo. Ukishapata, chora njia, ihifadhi kama faili ya KML na uiingize OsmAnd, programu ya ramani ya simu, ukiwa umeshapakua ramani ya Tanzania, kwa sababu mtandao mabondeni ni wa kubahatisha.

Angalizo moja ninalolisisitiza: msipite juu ya matuta ya majaruba. Kwenye picha yanavutia, yamenyooka kama rula, lakini tuta lina upana wa futi moja tu na ni udongo uliopigwa kwa jembe. Gurudumu likilichimba, maji yanapata pa kutokea na jaruba la mtu linakauka katikati ya msimu. Pia mkikuta kundi la ng'ombe shukeni, simameni pembeni, msalimieni mchungaji. "Mwangaluka" ya asubuhi itawafungulia njia nyingi, na mtaambiwa mbele kuna nini kuliko ramani yoyote itakavyowaambia.

Kwihara_Asubuhi

Nakubaliana na mkuu hapo juu, na kwa anayejifunza ninapendekeza Kwihara. Ni kama kilomita 8 kusini-magharibi ya mji, kwa hiyo kwenda na kurudi hamzidi 20 hata mkizunguka kidogo. Uelekeo ni wa barabara ya Kipalapala, ila barabara yenyewe ina magari na vumbi. Itumieni kama dira tu, muendeshe kwenye vijia vya mashambani vinavyokwenda nayo sambamba.

Mwisho wa safari ni Tembe la Livingstone, ambalo sasa ni makumbusho. Livingstone na Stanley walifika Kwihara Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka 14 Machi kurudi pwani, Livingstone akabaki kusubiri wapagazi hadi Agosti. Kiingilio kipo, bebeni hela kidogo. Kivuli kipo pia, na hapo ndipo pa kupumzika kabla jua halijapanda.

Mchanga upo kwenye njia hii, siwezi kuwaficha. Ukiuona mbele, punguza gia kabla hujauingia, sogeza uzito nyuma, shika usukani bila kuukaza na kanyaga mwendo uleule. Anayeanguka mchangani ni yule anayekata kona kwa nguvu au anayebana breki ya mbele. Pita pembeni penye nyasi, mizizi inaushika mchanga. Katikati ya njia ndiko kumesagika. Wenye Phoenix washuke mapema. Kusukuma hatua hamsini kunachosha kidogo kuliko kupambana na gia moja hadi cheni iruke.

Ondokeni saa 12 asubuhi. Oktoba kuna joto kali, na kila mtu anahitaji karibu lita moja ya maji kwa saa.

Fundi_Spoku

Habari wadau. Nijibu mbigili na upepo, maana hayo mawili yanakwenda pamoja.

Mbigili inapenda mahali palipokanyagwa sana: ukingo wa njia, karibu na mazizi, viwanja vya wazi. Mmea unatambaa chini, una maua madogo ya njano, na mbegu zake zikikauka zinapasuka vipande vyenye miiba migumu. Kipande kimoja kinaweza kukaa kwenye tairi siku mbili ndipo kitoboe tyubu. Kwa hiyo kila mkisimama, zungusheni gurudumu taratibu na mtazame uso wa tairi. Mkiona kidoa cha kahawia, kichomoeni kwa ncha ya kisu kabla hakijazama.

Kinga ya bei nafuu ni tyubu kuukuu. Chukua iliyochoka ya saizi ileile, kata valvu, ipasue kwa mkasi kwenye mshono wa ndani, ioshe, itandaze ndani ya tairi, halafu tyubu nzima ikae juu yake. Wengi wanakosea mahali pawili. Kwanza wanaziacha kingo zikiwa na meno meno ya mkasi. Kingo hizo zinasugua tyubu nzima na baada ya wiki chache unapata tobo refu ambalo hakuna mwiba uliolitoboa. Zilainishe kwa msasa. Pili wanasahau poda. Paka poda ya kawaida ya mtoto pande zote ili mipira isigandane.

Upepo: tairi ya 26 kwa 2.10, mtu wa kilo 70, mchangani weka PSI 25 mbele na 28 nyuma. Mkirudi kwenye lami jazeni hadi 35 au 40. Phoenix msiishushe chini ya 45, tairi yake ni nyembamba. Ukipunguza sana, ukigonga jiwe au mzizi tyubu inabanwa kati ya tairi na rimu na unatoka na matobo mawili yaliyokabiliana. Ukiyaona hayo, usitafute mwiba, ongeza upepo. Asiye na kipimo akae juu ya baiskeli: tairi la nyuma litanuke kidogo chini, lakini rimu isikaribie ardhi.

Kuziba pancha njiani: tafuta tobo, kwangua kwa msasa hadi mng'ao uishe kwa eneo linalozidi kiraka, paka solusheni nyembamba, kisha SUBIRI dakika tano. Ikiwa bado inanata na kuvutika kama asali, kiraka kitateleza jua likipiga. Ikigusika bila kuchafua kidole, bandika na ukandamize. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Mwiba uliobaki utakishika. Usitumie kidole.

Wenye Phoenix wabebe kitu kimoja zaidi: kijimpira cha valvu, sentimita kumi zinatosha. Kile kimpira chembamba kinachovaa kwenye pini kinapasuka kwa joto, upepo unatoka taratibu, na mtu anapoteza saa nzima akitafuta tobo ambalo halipo. Ukitilia shaka, paka mate kwenye mdomo wa valvu. Mapovu yakitoka, tatizo ni hilo.

Miombo_Kusini

Nyongeza kuhusu misitu, kwa sababu mkizoea mabonde mtatamani kwenda mbali zaidi.

Msitu wa hifadhi kama Urumwa, kusini mwa mji, hamuingii kama shambani. Pitieni kwanza ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, muulize utaratibu na mseme mnakwenda na baiskeli. Ndani kuna mbung'o. Wanafuata kitu kinachotembea na wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo vaeni kaki au rangi hafifu, mikono mirefu, kitambaa kisiwe chepesi. Dawa za kupaka za kufukuza mbu haziwasumbui sana hawa. Mtu akipata kidonda kilichovimba mahali alipoumwa, au homa siku au wiki kadhaa baadaye, amweleze daktari waziwazi kwamba aliumwa na mbung'o. Malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, yanatibika yakiwahiwa, na vipimo vya malaria peke yake huenda visiyaonyeshe.

Mkiona mizinga imetundikwa mitini, pitieni mbali, bila kelele, na msipumzike chini yake. Nyuki wakianza kuwazunguka kichwani, tupa baiskeli na kimbia moja kwa moja bila kuwapiga.

Reli: msiendeshe kati ya reli wala pembeni yake, hata pakionekana pamenyooka na pagumu. Ni kosa, na kokoto zinakula tairi.

Mvua sasa. Watu wanafikiri mvua inaharibu kila kitu, lakini mchanga ukilowa unashikana. Desemba hadi Machi njia za mgongoni, zile zinazowatesa kiangazi, ndizo nzuri. Mbuga na ukingo wake ndiyo mnaiacha. Kwa hiyo hamtundiki baiskeli, mnahama tu: kiangazi chini, masika juu. Mei na Juni kote kunapitika.

Magurudumu_TBR

Asanteni sana wakuu, hili la kuhama sikulijua kabisa. Swali la mwisho: tukikamatwa na mvua tukiwa chini, na Phoenix zina madigadi, tunatokaje?

Fundi_Spoku

Mkuu, shukeni mara moja, msikanyage hata mzunguko mmoja zaidi. Mfinyanzi mweusi unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma, na ukilazimisha, stei ya madigadi inapinda na kuingia kwenye spoku. Kwenye baiskeli ya gia, mkono wa gia wa nyuma ndio unaong'oka. Vunjeni kijiti, kwangueni tope kuanzia kwenye foku, kisha bebeni baiskeli begani kuelekea upande wa miembe kwa njia fupi kuliko zote, hata kama siyo upande wa nyumbani. Mkifika mchangani kunapitika.

Nyumbani mwagieni maji kwa ndoo, taratibu, msielekeze maji ya nguvu kwenye habu na katikati ya pedali. Maji yakiingia kwenye gololi grisi inaoshwa. Cheni ifuteni, ikauke, ndipo mtie oili, tone moja kwa kila kiungo, na mfute ya juu. Oili iliyobaki nje inakusanya mchanga, na mchanga ndio unaokula meno ya friwili.