Kuna mtu humu (mnamjua) kanivuruga, sijalala

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Chai imepoa, mke ananiuliza kama kuna msiba.

Simtaji. Ni yule anayepita kwenye kila uzi mrefu na sentensi moja na vikatuni vitatu vya kucheka, halafu anavuna laiki kama mpunga wa Kyela.

Jana nimeshusha aya 14 za vijana wa Chicago waliojitolea kabla ya vita ya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani. Jibu lake: "Mgambo wa kufukuza machinga hao."

Machinga! Chicago! 1860!

Elmer Ellsworth, karani tu wa ofisi za mawakili, kaokota kikundi cha kujitolea kilichokuwa kinakata roho. Kakivalisha suruali pana za Wazuavu, wale askari wa Ufaransa waliopata jina kwa Waberberi wa Algeria. Kakipiga marufuku pombe, kamari, hata kusogelea meza ya biliadi. Kiangazi cha 1860 wakazunguka miji 20 kwa kwata tu, mpaka mbele ya Rais Buchanan. Halafu mtu yuko kitandani na bukta yake anaandika MACHINGA.

Laiki 212. Nimezihesabu mara mbili.

Kibuyu Kavu: Mara mbili tu? Mkuu nenda kapime presha.

Dada wa Mabibo: Suruali pana, nyekundu, hawanywi pombe, wanazunguka mijini wakicheza. Hiyo si kwaya?

Mleta mada: Kwaya!! Mei 1861 hoteli ya Willard ya Washington ilinusurika kuungua. Waliouzima moto ni vijana wa Ellsworth wa kikosi chake kipya cha New York, aliowachukua kutoka vikosi vya zimamoto. Walipandiana mabegani kama ngazi. Wewe kwaya yenu imewahi kuzima hata jiko?

Mzee wa Ngazi: Malizia basi alivyokufa.

Mleta mada: Tarehe 24 Mei 1861, Alexandria ya Virginia, siyo ya Misri. Bendera ya waasi wa majimbo ya Kusini ilikuwa inapepea juu ya hoteli, Rais Lincoln anaiona kutoka Ikulu. Ellsworth kapanda, kaishusha, anateremka ngazi, mwenye hoteli kamfyatulia risasi. Miaka 24. Lincoln alilia, maiti ikalazwa Ikulu. HUYO NDIYE WA KUFUKUZA MACHINGA?

Kibuyu Kavu: Kwa hiyo kafa akianua bendera. Mama yangu anaanua nguo kila siku, hajapata aya 14.

Mwalimu wa Zamu: Mleta mada ameruka mzizi. Sheria ya Marekani ya 1792 ilimtaka kila mzungu huru mwenye nguvu, wa miaka 18 mpaka 45, ajiandikishe mgambo na alete bunduki yake mwenyewe. Siku ya gwaride ikageuka siku ya ulevi. Ndiyo maana wenye hamu wakaunda vikundi vyao, na sare za kujishonea.

Dada wa Mabibo: Kama mkutano wa mtaa, watu wanafuata soda.

Mwalimu wa Zamu: Na msisahau Weusi wa Boston. Miaka ya 1850 waliunda kikundi chao, Massasoit Guards, jimbo la Massachusetts likakataa kuwatambua. Hao ndio wenye haki ya kulalamika, siyo huyu na laiki zake.

Mleta mada: Hata wewe Mwalimu?

Mzee wa Ngazi: Na neno mgambo siyo tusi. Mwongozo wa TANU wa 1971 ndio uliolipa heshima, na mgambo walikwenda vita ya Kagera. Mimi nimekula kwata kijijini na gongo la mti.

Beseni Langu: Heshima ipi mzee? Juzi wamenibebea beseni na ndizi zote, na kigoda. Nimefuata ofisini, kigoda kakalia mmoja wao, anamenya ndizi YANGU.

Dada wa Mabibo: Mimi mwavuli. Ule mkubwa wa rangi rangi. Mwaka wa pili huu.

Kibuyu Kavu: Kaka yangu walichukua mizani, wakamwambia akalipe faini. Kulipa kalipa, kapewa mizani ya mtu mwingine.

Beseni Langu: Ina sahani ya bluu, imepinda pembeni?

Kibuyu Kavu: Eeh.

Beseni Langu: Njoo inbox sasa hivi.

Mleta mada: Wakuu, tunarudi kwenye mada?

Dada wa Mabibo: Na mwavuli wa rangi rangi kuna aliyeuona?