Udalali wa nyumba na viwanja umenishinda au ni uoga wangu tu? Naombeni ushauri wakuu

Kijana wa Goba (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu, mnivumilie uzi ni mrefu kidogo na naandikia simu ya kioo kilichopasuka.

Mimi ni kijana wa miaka 27, nina diploma ya ugavi, ajira nimetafuta weee mpaka soli za viatu zikaisha, mwaka jana mwezi wa kumi nikaamua niingie kwenye udalali, nyumba za kupanga na viwanja, kuanzia Goba, Madale mpaka kule Wazo. Kazi naipenda. Tatizo ni mimi mwenyewe. Kijiweni nikiwa na washkaji naongea mpaka wananiita mchungaji, ila mteja akishuka tu kwenye gari lake na funguo mkononi, mdomo unakauka kama nimelamba chokaa.

Juzi kati kaja mama mmoja mtu mzima na Harrier anataka kiwanja Madale. Akaniuliza vitu vitatu tu: kimepimwa? Bikoni (yale mawe ya mipaka) ziko wapi? Hati ina jina la huyu anayeuza au la marehemu baba yake? Nikasema ngoja nimpigie mwenyewe, napiga hapatikani, napiga tena hapatikani, jasho linanitoka. Yule mama akaniangalia akasema "mwanangu, umenileta kuniuzia kiwanja au kutembea?" Nilitamani ardhi ipasuke. Dalali mkubwa wa kijiwe chetu akaja na boda akachukua maongezi, biashara ikaisha milioni 28, mimi nikapewa elfu 50 ya vocha.

Halafu kuna hili la hela, ndio linaniua zaidi. Nyumba ya laki tatu kwa mwezi mteja analipa miezi sita, na kila mtu mjini anajua kamisheni ya dalali ni kodi ya mwezi mmoja, ila mimi nikifika kwenye kusema najikuta natoa "utaniangalia tu boss". Wanaishia kunipa elfu 30.

Nyumbani nimewaambia niko kampuni ya masoko. Swali langu, hii kazi ina watu wake waliozaliwa nayo? Niache nirudi kuzungusha bahasha au kuna namna?

Boda Mstaafu

"Utaniangalia tu boss" 😂😂😂 mkuu mimi boda nilikuwa nasema hivyo hivyo, kuna mmoja aliniangalia kweli, akashuka akaniangalia akaondoka.

Mzee wa Bikoni

Kijana, nipo kwenye hii kazi tangu 2006, sikupi maneno matamu. Huna uoga wewe, huna taarifa. Yule mama hakukuuliza swali gumu hata moja. Kakuuliza vitu ambavyo ulitakiwa uvijue siku tatu kabla hujampigia simu.

Mimi kiwanja hakiingii kwenye simu yangu mpaka nimekwenda peke yangu asubuhi na jembe. Naitafuta bikoni moja moja, naifukua, nasoma namba, nalinganisha na ramani ya upimaji. Kama kona moja haina bikoni nauliza majirani wa pande zote nne, jirani ndiye anajua kama kuna kesi, mwenye kiwanja hakwambii. Napita kwa mjumbe, napita serikali ya mtaa. Kopi ya hati naomba mapema, kama mwenyewe anasita kunipa basi sitangazi, na kama kuna mteja wa kweli tunafanya sechi kwa Msajili wa Hati, tunaona jina nani, kuna mkopo wa benki juu yake au hakuna. Na ujue kutofautisha hati, leseni ya makazi na karatasi ya mauziano ya mtaa, maana wateja wengi wanaambiwa "ina hati" kumbe ni ile karatasi ya mtaa yenye muhuri tu.

Nikupe mkasa. Kibamba huko, mzee anauza nyumba wanayoishi, bei nzuri, mteja kashika hela. Nikauliza mama yuko wapi, mzee anasema yuko msibani Tanga atarudi. Nikasema basi tunasubiri mama. Mzee akanitukana matusi ya nguoni. Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi, nyumba ya familia huuzi bila mwenzako kuridhia. Mama alivyorudi ndio anasikia kwetu kwamba nyumba inauzwa! Ile biashara ilikufa sikupata hata mia, ila yule mteja mpaka leo akitaka kununua hata banda la kuku ananipigia mimi. Siku ile sikutetemeka kwa sababu nilikuwa najua ninachokisema.

Mama Kodi

Mdogo wangu shikamoo za madalali wanaume hazikusaidii kwenye hela, ngoja dada yako nikwambie. Mimi nafanya vyumba na apatimenti Sinza na Kijitonyama, sijasoma.

Hela inatajwa KABLA ya geti kufunguliwa. Mteja akipiga simu namwambia hivi hivi: "nyumba ni laki tatu, mwenye nyumba anataka miezi sita, kuzungushwa ni elfu kumi, ukichukua kamisheni yangu ni kodi ya mwezi mmoja, tukutane saa ngapi?" Nimemaliza. Sijakohoa, sijacheka cheka. Ukimwambia ukiwa umesimama naye sebuleni keshaipenda nyumba unaonekana unamvizia, ndio maana wewe unaona aibu, na una haki ya kuona aibu.

Na mwenye nyumba pia mmalizane mapema, maana wako wanaokuzunguka, anampa mteja namba yake pembeni wanamalizana wawili wewe umekaa unasubiri simu.

Mpangaji Sugu

Mimi naongea kama mteja, nimehama nyumba tano hapa Dar. Madalali wenye midomo ndio wamenitesa. Mmoja Tabata aliniapia "maji yapo masaa 24", nikafungua bomba akatoka buibui. Akasema LUKU (mita ya umeme) ni yangu peke yangu, kumbe tunachangia watano na fundi wa kuchomelea!!

Dalali niliyemuelewa ni mmoja tu, kijana mpole hana maneno, nikamuuliza mvua ikinyesha hii barabara inapitika, akasema sijui ila jioni nitakujibu. Jioni akanitumia video ya mwenye duka anaelezea maji huwa yanafika wapi. Nyumba ile sikuichukua, nikachukua nyingine kwake huyo huyo. Kwa hiyo dogo huo upole wako usiuone ni ugonjwa.

Kaka Mkweli

Mimi natofautiana na wenzangu. Sio kila kazi ni ya kila mtu. Jipe miezi mitatu ufanye hayo ya Mzee wa Bikoni, ukiona bado unalala na presha kila ukiwa na mteja kesho yake, aisee toka. Nilikaa miaka miwili nang'ang'ania uuzaji wa magari nikapata vidonda vya tumbo, sasa hivi nafuga kuku nina amani.

Wa Ruiru

Niaje wadau, mimi niko upande wa Kenya. Huku sheria inataka ajenti asajiliwe na ile bodi yao, lakini mtaani wengi ni mabroka tu na kushindana na keateka wa ploti, yule msimamizi wa nyumba za kupanga, si mchezo. Kitu ilinisaidia mimi ni kujirekodi kwa simu nikitaja bei, kisha nasikiliza. Mara ya kwanza nilisikia vile sauti inashuka nikifika kwa pesa, hata mimi singejilipa.

Kijana wa Goba

Asanteni sana wakuu. Mzee wa Bikoni umenigusa, ni kweli vile viwanja nilikuwa naokota picha kwenye magrupu ya WhatsApp naweka status, vingine hata sijawahi kuvikanyaga. Ila kuna kingine, watu wanavyosema madalali wote matapeli na mimi najiona kama naiba nikiomba hela.

Mzee wa Bikoni

Kiwanja hujakikanyaga, unakisifia, unataka hela. Sasa hapo hisia zako zilikuwa zinakudanganya nini?

Kijana wa Goba

😂 Nimekubali mzee.

Kijana wa Goba (wiki tatu baadaye)

Mrejesho wakuu. Nimefuta status zote nimebaki na viwanja vinne na nyumba tatu ninazozijua mpaka choo. Juzi mteja wa nyumba Wazo, laki tatu na nusu, nimemwambia kwenye simu kama Mama Kodi alivyosema, neno kwa neno, mkono unatetemeka ila yeye haoni. Akasema sawa. Siku ya kulipa akaanza kulia lia, watoto shule, sijui nini, nikapunguza nikachukua laki mbili. Shangazi nimemwambia kazi yangu, akauliza kama nina chumba cha elfu 60 cha shemeji yake.

Mama Kodi

Laki mbili?? Na hiyo laki na nusu umemwachia ya nini, shemeji yako yeye? Nipigie kesho asubuhi.