Nina Jumamosi moja tu Dar: wachoraji, vinyago, kanga na kahawa, nianzie wapi?

MamaK_Nyegezi:
Wakuu habari za jioni. Nakuja Dar kwenye harusi ya binamu, yenyewe ni Jumapili, kwa hiyo Jumamosi nzima ni yangu na mdogo wangu wa kike. Huyu binti kamaliza fomu foo juzi na madaftari yake ya hesabu yamejaa twiga badala ya hesabu. Nataka akaone watu wanaochora kweli kweli, tupite na kwenye vinyago na kanga, halafu tukae mahali tunywe kahawa kama watu wengine. Bajeti 80,000 sisi wote wawili, nauli humo humo. Tunafikia kwa shangazi Kimara. Na tafadhali msinielekeze Mlimani City, mall hata Mwanza tunayo.

dereva_wa_tairi3:
Karibu dada. Kosa la wageni wote ni kutaka Kariakoo, Posta na Masaki siku moja, utaiona Dar kupitia dirisha la daladala tu. Shika upande mmoja. Toka Kimara asubuhi na mwendokasi, shuka Ubungo, pale daladala za Mwenge ni nyingi. Saa tatu uwe Mwenge kwenye vinyago maana jua likishapanda hata wachongaji wenyewe wanakuwa wavivu kuongea. Ukitoka hapo chukua bajaji mpaka Mikocheni B, Nafasi Art Space, ipo tangu 2008, studio zao ni makontena yale ya meli, mlango ukiwa wazi msanii yupo ndani unamsalimia unaangalia anachofanya. Mimi huwa napeleka abiria nabaki kuzubaa hadi nasahau wateja. Sema pigeni simu kwanza mjue siku hiyo kukoje. Baadaye mnashuka Oysterbay, Morogoro Stores, kwa Tingatinga, wale wachoraji wa wanyama, na jioni Coco Beach ni pua na mdomo, mihogo na mishikaki mtakula mpaka mchoke.

rangi_ya_baiskeli:
Hapo Morogoro Stores ndo nimejifunzia kazi, acha niongezee. Watu wanadhani Tingatinga ni jina la mtindo tu, hapana, ni mtu, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa huko Tunduru, alianza kuchora 1968 na alifariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Yaani miaka kama minne tu ya kuchora na mpaka leo tunakula kwa mkono wake. Yeye alikuwa anatumia vipande vya habodi na rangi ya mafuta, ile ile ya kupaka baiskeli, ndo maana picha zetu zinang'aa hivyo. Mwambie mdogo wako asikimbilie kununua, akae kwenye benchi aangalie mtu mmoja anavyotia madoa ya chui, moja moja, brashi nyembamba, mkono hautetemeki. Hiyo ni shule na haina ada.

Kingine, atakuta simba yule yule kwenye picha ishirini, asishangae, ni kazi ya kuuza. Aulize "ya kwako mwenyewe uliyoibuni ni ipi?" utaona mtu anainuka anaenda kuitoa nyuma.

Shemeji_wa_Tandika:
Mkuu hapo juu umesahau la muhimu, KUKAUKA. Mimi nilinunua ya pundamilia, jamaa akaniambia ishakauka, nikaizungushia gazeti nikaikunja nikapanda nayo basi la Dodoma na lile joto, kufika nyumbani naikunjua pundamilia ana matokeo ya ligi kuu shingoni. Wife alicheka wiki nzima, mpaka leo ipo ukutani na hayo matokeo yake.

rangi_ya_baiskeli:
😂😂 pole sana. Rangi ya mafuta inakudanganya, juu imeshika chini bado mbichi. Gusa sehemu yenye rangi nene pembeni, kidole kikinata iache, chukua nyingine. Na ukikunja upande wenye picha ukae nje, siyo ndani.

MamaK_Nyegezi:
Jamani nimecheka kwa sauti ofisini. Na vinyago je, nitajuaje mpingo wa kweli? Nataka kumbebea shangazi zawadi.

dereva_wa_tairi3:
Beba mkononi kwanza, mpingo ni mzito kuliko unavyoutegemea, hata kwenye maji unazama. Kuna miti myepesi inapakwa kiwi ya viatu ikawa nyeusi tii, wewe lowesha kitambaa cheupe sugua chini kwenye kitako, kikitoka cheusi mrudishie taratibu bila ugomvi. Halafu angalia chini hapo hapo, mara nyingi mpingo wanauachia kaubavu ka rangi ya maziwa, hiyo ni nyama ya nje ya mti. Ukipendezwa muulizie ile ya ujamaa, watu wamebebana kuanzia babu hadi mjukuu kwenye gogo moja, ndogo yake inabebeka. Bei ya kwanza siyo bei, ila usimkate mzee wa watu mpaka ukamtukana.

kijiwe_cha_Gerezani:
Nyie mnampeleka mtu Oysterbay akanywe kahawa ya buku nane?? Dada hiyo hela ni doti nzima ya kanga karibu ikamilike. Jumapili kabla ya harusi amka mapema panda mwendokasi mpaka Kariakoo, kahawa chungu ya birika, kikombe kidogo na kashata, mnakaa kwenye fomu na wazee wanabishana Simba na Yanga. Na kwa vile ni harusi ulizia kanga ya kisutu, ile nyekundu nyeusi na nyeupe, mtapendeza kuliko bibi harusi.

MamaK_Nyegezi:
Kumpita bibi harusi hapana, mama yake ananijua 🙈 Ila kisutu nitaulizia. Nimemsomea mdogo wangu yote haya, kanyamaza kidogo, halafu kaniuliza kama kwenye lile benchi anaruhusiwa kwenda na daftari lake.

rangi_ya_baiskeli:
Aje nalo. Na penseli, kalamu tutamnyang'anya.