"Imo humu": yule jaji amemharibia kijana wa mazingaombwe, nami sinyamazi

Mlinzi wa Bahasha (mwanzisha uzi):
Wakuu, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka, na mkikuta herufi zimepishana lawama zimwendee yule jaji wa shindano la vipaji. Sina haja ya kumtaja, kwa sababu kila aliyewasha televisheni jana usiku anamjua, na hata aliyelala mapema alimsikia akijipongeza.

Kijana alimpa karata achague. Akachagua kopa saba, akaitia sahihi kwa kalamu nene, ikachangwa pamoja na zile nyingine 51. Muda wote huo mezani, mbele ya jaji huyo huyo, palikuwa na bahasha iliyofungwa kwa lakiri tangu kijana alipopanda jukwaani. Ilibaki hatua moja tu, nayo ni kuifungua. Hapo ndipo mheshimiwa aliponyoosha mkono bila kuombwa, akaiinua bahasha kwenye taa kama mtu anayekagua noti ya bandia, akatamka mbele ya ulimwengu mzima: "Imo humu." Kisha akabonyeza kitufe chekundu cha kumkataa mshiriki.

Ndiyo, imo humo! Huo ndio mchezo wenyewe! Karata aliyoitia sahihi kwa mkono wake dakika 2 zilizopita imo ndani ya bahasha iliyofungwa kabla hajaishika kalamu, naye badala ya kujiuliza imefikaje, anadai amemkamata mtu. Kijana alibaki ameinua vidole viwili hewani, vile alivyokuwa amejiandaa kuvunja lakiri, na nadhani mpaka sasa hajavishusha.

Zamu iliyofuata alipanda mwimbaji aliyesahau ubeti mzima wa pili, akajaza pengo kwa kuguna, na jaji yule yule akasimama akifuta machozi. Sina ugomvi na mwimbaji. Ninachosema ni kwamba mwimbaji hamkabidhi jaji kipaza sauti katikati ya wimbo, ilhali mwanamazingaombwe hulazimika kumpa hakimu wake vifaa vya kazi na kuomba Mungu hakimu awe na adabu. Huyu hana. Aliiinua kwenye taa, wakuu.

Karata Tatu:
Pole sana, mkuu. Nimeusoma uzi mara mbili nikitafuta hoja, nimekuta bahasha. Ukiinuliwa kwenye taa wewe mwenyewe, sidhani kama tutakuta kitu.

Fundi Mitambo:
Mcheke tu, lakini mleta uzi yuko sahihi. Penn na Teller, ambao ni wanamazingaombwe wenyewe, wana kipindi cha kujaribu kung'amua michezo ya wenzao, na hata wakishagundua siri huzungumza kwa mafumbo ili mtazamaji wa nyumbani asiambulie kitu. Katika mashindano ya dunia ya FISM, shirikisho la kimataifa la vyama vya wanamazingaombwe, majaji hupima ustadi, uasilia na namna mchezo ulivyopangwa. Huku kwingine tunawapa kazi hiyo watu ambao sifa yao ni kuvaa vizuri. Nami naongeza kero yangu: karata inapofichuliwa, kamera hukimbilia uso wa mama wa mshiriki. Tukirudishwa jukwaani mchezo umekwisha, na aliyeko nyumbani anaapa kwamba ameibiwa.

Kura Yangu:
Mnalia kana kwamba mazingaombwe hayajawahi kushinda. Mwanamazingaombwe Mat Franco alishinda America's Got Talent, shindano la vipaji la televisheni ya Marekani, mwaka 2014, mwenzake Richard Jones akashinda Britain's Got Talent, lile la Uingereza, mwaka 2016, na mwaka 2018 ikawa zamu ya Shin Lim, naye wa mazingaombwe, kule Marekani.

Fundi Mitambo:
Wote watatu walipitishwa na kura za watazamaji katika fainali. Shin Lim alikuwa ameshashinda mashindano ya karata ya FISM mwaka 2015, yaani wajuzi walimtambua miaka 3 kabla ya televisheni. Mwanamazingaombwe mwingine, Eric Chien, alitwaa tuzo kuu ya FISM mwaka 2018, akaenda kwenye shindano la Marekani mwaka uliofuata, na hakushinda.

Mlinzi wa Bahasha:
Hao wote, hakuna aliyeinuliwa bahasha yake kwenye taa. Na alifumba jicho moja! Nimerudia kuangalia mara 11, alifumba jicho moja.

Miguu Ishirini:
Angalau ninyi mnaonewa mtu mmoja mmoja. Sisi wapenzi wa dansi tunaambiwa kila mwaka kwamba kundi "halikuenda pamoja" kwa sababu mmoja kati ya ishirini alichelewa kugeuza shingo. Kundi la dansi la Mayyas liliposhinda shindano la Marekani mwaka 2022, nilikaa nikapiga hesabu: zawadi ya dola milioni 1 hulipwa kidogo kidogo kwa miaka 40, labda ukubali kuchukua kiasi pungufu kwa mkupuo. Gawanyeni kwa kundi zima, mtapata nauli.

Kikaragosi Hasemi:
Kama ni kupendelewa, tazameni wasemesha vikaragosi, wale wanaoongea bila kuchezesha midomo ili ionekane kikaragosi ndicho kinachosema. Kule Marekani walishinda Terry Fator mwaka 2007, Paul Zerdin mwaka 2015, Darci Lynne mwaka 2017, na hakuna jaji aliyewahi kumbana kikaragosi amwambie "najua nani anayesema". Huo nao ni ujanja wa kuficha, sawa na karata. Kwa nini mmoja aangaliwe kama msanii na mwingine kama mwizi?

Karata Tatu:
Hiyo ndiyo hoja ya kwanza katika uzi huu, na haikuletwa na mwenye uzi.

Kura Yangu:
Mwaka 2023 kule Marekani alishinda Adrian Stoica na mbwa wake, Hurricane. Mbwa hakuchagua karata, hakukatizwa, hakuulizwa imefikaje. Natangaza rasmi kwamba aliyeonewa zaidi mwaka ule ni kila mshiriki mwenye miguu miwili.

Miguu Ishirini:
Mtoe mbwa kwenye lawama, alikuwa na nidhamu kuliko majaji wote wanne.

Mlinzi wa Bahasha:
Ndugu zangu, naomba turudi kwenye bahasha. Kijana yule ameonewa hadharani na hakuna anayemsemea. Ila kabla hatujarudi, huyo mbwa na malipo ya miaka 40, ilikuwaje?